Kicheko cha Chumba cha Pili

Haya yalimpata rafiki yangu, mwandishi wa gazeti, mseja aliyezoea kuzungumza na birika lake. Kila mwaka alitabiri washindi wa tuzo za vichekesho vya televisheni, na hakuwahi kukosea. Siri yake ilikuwa jirani wa chumba cha pili, ambaye hakuwahi kumwona, ila alikisikia kicheko chake kupitia ukutani: kipindi kilichomvunja mbavu huyo ndicho kilichoshinda.

Jioni moja upweke ulimzidi. Akafunga mlango wake, akaenda kubisha hodi, angalau wafahamiane. Mlinzi wa jengo akamshangaa.

“Kaka, humo hajawahi kukaa mtu.”

Akamfungulia. Ndani mlikuwa na giza na vumbi, hata taa haikuwekwa. Ndipo kicheko kile kikaanza, taratibu, ng'ambo ya ukuta, chumbani kwake mwenyewe.