Usinifuate Nyuma

Barabara ya mbele ya soko ilikuwa imefurika asubuhi ile, honi na wachuuzi wakishindana kwa kelele. Mpokea simu wa hospitali, binti asiyeona, alisimama ukingoni na fimbo yake nyeupe, gauni la kijani limemkaa vizuri, akimsubiri shangazi yake. Mara mkono ukamdaka kiwiko na kumvusha mbio.

"Tumefika salama, dada," sauti ya kiume ikasema kwa kujipongeza.

"Wapi?"

"Ng'ambo."

"Nani kakwambia nilikuwa nakwenda ng'ambo?"

Kijana yule, mchora ramani wa manispaa, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Samahani. Nikurudishe?"

"Angalau sasa umeuliza."

Walipovuka tena walimkuta shangazi kashika kiuno. "Nimekuacha dakika moja tu, umeshapata mchumba."

Wakacheka wote, na kabla ya kuagana kijana akaomba namba ya simu. Jioni akapiga, na kesho yake akapiga tena. Siku moja akamwambia ramani zake zina kila barabara, lakini hakuna inayomwambia asiyeona pale njia ya miguu inapoishia.

"Basi tutengeneze inayosema," binti akajibu.

Kila Jumamosi wakawa wanatembea, binti akipapasa kwa fimbo na kusikiliza, kijana akirekodi kwenye simu: "Ukisikia mashine ya kusaga, kata kulia. Mtaro uko kushoto kwako."

"Punguza madaha, mpenzi. Watu wanatafuta benki, hawatafuti mchumba."

"Mimi nimeshampata wangu, wacha nijidai."

Kwa maelekezo hayo binti akaanza kwenda kazini peke yake. Kila akifika mezani alimpigia kijana kwa furaha: "Nimefika, laazizi, bila kushikwa na mtu."

Lakini asubuhi moja, karibu na geti la hospitali, alisimama ghafla. Nyuma yake mtu alikuwa amekohoa, na kikohozi kile alikijua.

"Toka huko nyuma."

Kijana akasogea, kichwa chini.

"Umenifuata tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kutembea peke yako. Niliogopa."

"Kumbe nilikuwa najisifu bure. Hofu yako ibebe mwenyewe, usinitwishe mimi."

Akaingia ndani. Tangu siku hiyo simu za kijana ziliita mpaka zikakatika. Nyumbani binti hakuzungumza wala kula vizuri, hadi shangazi akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, nikasirikie mimi. Ni mimi niliyemwomba akufuate."

Binti akachukua simu, akampigia kijana.

"Kwa nini hukusema ni shangazi aliyekutuma?"

"Alinituma, lakini miguu ilikuwa yangu."

Jibu hilo lilimgusa binti. "Jumamosi nawaongoza wenzangu wasioona kutoka stendi mpaka hospitalini, kwa sauti yako uliyorekodi. Utasubiri getini. Ukitufuata, tusijuane tena."

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha kweli kweli. Kijana na shangazi walisimama getini wakiangalia maji yakifurika barabarani. Muda wa kufika ukapita.

"Nenda ukachungulie tu," shangazi akanong'ona. "Hatajua."

"Mimi nitajua. Siendi, shangazi."

Akashika vyuma vya geti hadi vidole vikamuuma. Hatimaye akasikia fimbo zikigonga lami. Binti alikuwa mbele, gauni linachuruzika, matope mpaka magotini, wenzake nyuma wakicheka na kutaniana.

"Kuna shimo jipya karibu na duka la dawa," akasema. "Tumelizunguka wenyewe. Hukutufuata?"

Shangazi akadakia, "Nimemsukuma, kagoma kama nguzo."

Binti akanyoosha mkono, akampapasa bega, kisha shavu lililolowa. Hakujua kama ni mvua tu.

"Nataka mume wa kutembea ubavuni mwangu. Unaweza?"

"Naweza," kijana akajibu. "Tulete posa lini?"

"Hilo kapange na shangazi. Sasa washa simu, tukalirekodi shimo kabla mtu hajatumbukia."

Wakatoka pamoja mvuani, na safari hii maelekezo aliyarekodi binti.