Spea Chini ya Mitungi

Siku za kazi, nyumbani kwa akina Chepkorir, hakuna aliyehitaji saa ya kumwamsha. Mlio wa mitungi ya maziwa ulitosha. Chepkorir, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliisuuza mitungi mitatu kwa maji moto huku mama yake, Rodah, akikamua ng'ombe. Mitungi ilipojaa, waliishika pamoja, mmoja mmoja, na kuipakia nyuma ya gari lao dogo jeupe. Mama aliondoka Silibwet na kwenda kuyauza maziwa katika mikahawa ya mjini Bomet. Baba alifanya kazi Eldoret na alirudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo gari lilikuwa mikononi mwa Mama. Hapakuwa na dereva mwangalifu kumshinda pale kijijini.

Likizo ya Agosti ilipofika, Mama alitangaza jambo wakati wa chakula.

"Jumamosi tunampeleka Kogo Kisumu akalione ziwa."

Kogo ndilo jina walilomwita nyanya yao. Alikuwa amechuma majani chai karibu na Kericho kwa miaka thelathini. Siku ambazo mbingu zilikuwa safi, wenzake walimwonyesha mng'ao mwembamba mbali sana upande wa magharibi, wakamwambia lile ndilo ziwa. Hakuwahi kulikaribia.

Kimeli, mdogo wake Chepkorir, aliruka kutoka kitini. "Tutaona kiboko?"

"Kiboko akipenda kuonekana," Mama alijibu. Kisha akamgeukia Chepkorir. "Wewe ndiwe msimamizi wa safari. Panga kila kitu, andika, halafu uniletee nione."

Chepkorir alifurahi kupita kiasi. Alichukua daftari akaandika saa ya kuondoka, mahali pa kupumzika, vyakula na nguo nzito za Kogo. Mama alimwongezea yanayohusu gari: maji ya rejeta, mafuta ya injini, taa, breki, mikanda, jeki, pembetatu nyekundu za kuweka barabarani gari likiharibika, na upepo wa magurudumu yote manne pamoja na spea, lile gurudumu la akiba. Aliongeza pia sheria yake moja ambayo hakuna aliyethubutu kuipinga: gari lake lingekuwa limefika linakokwenda kabla ya saa kumi na mbili jioni. Aliujua ukungu na malori ya huko Kericho.

Ijumaa jioni Chepkorir alilikagua gari kwa daftari mkononi. Alipima mafuta kwa kijiti. Alimwambia Kimeli akanyage breki huku yeye akizitazama taa za nyuma. Kila alipomaliza jambo, aliweka alama ya tiki. Likabaki jambo moja tu, spea. Spea ilikaa nyuma ya gari, chini ya zulia la buti, na juu ya zulia ilisimama mitungi mitatu.

Hapo ndipo rafiki yake Shirley alipomwita kutoka ng'ambo ya ua. "Chepkorir! Njoo nikusuke sasa, giza likiingia sitaona mstari!"

Chepkorir aliitazama mitungi. Akagusa nywele zake. Spea haikuwahi kutumika tangu wanunue gari, ingeharibikaje? Akaweka tiki, akafunga daftari na kukimbilia kwa Shirley.

Usiku huo Mama alilisoma daftari, akatabasamu. "Kazi safi. Kesho nitaendesha bila wasiwasi."

Saa kumi na mbili asubuhi waliondoka. Jirani yao Kipkurui, mzee mpole aliyeahidi kuwakamua ng'ombe jioni hiyo, aliwapungia mkono langoni. Mitungi ilikuwa imeshushwa na mahali pake pamewekwa kapu la chakula, chupa ya chai na mablanketi ya Kogo. Jua lilichomoza wakipita Bomet. Walipofika Kaplong na kukata kona kuelekea Kericho, mashamba ya chai yalianza kupanda na kushuka pande zote mbili, yamekatwa sawasawa kama nywele zilizotoka kwa kinyozi. Kogo alikuwa ameketi mbele, mkanda umempita kifuani, akiwaonyesha wachumaji walioanza kazi.

Kilomita chache mbele waliona gari limesimama kwenye kona, boneti juu. Mwanamume mmoja alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu. Mkewe alikuwa amewashika watoto wawili pembeni ya mtaro, na lori la chai liliwapita karibu sana hivi kwamba sketi yake ilipeperuka. Mama alipunguza mwendo, akateremsha kioo.

"Mnahitaji msaada?"

"Asante, dada. Fundi yuko njiani na pikipiki. Tairi limepasuka na hatuna lingine."

Walipoendelea, Kogo alitikisa kichwa. "Na sisi likitupasukia?"

"Sisi tuna spea, Kogo," Mama alisema kwa fahari. "Chepkorir ameikagua mwenyewe. Ameandika."

Kogo aligeuka nyuma akamshika Chepkorir goti. "Hata mimi sina hofu basi."

Chepkorir alihisi uso wake ukiwaka moto. Alitazama nje, lakini majani chai hakuyaona tena. Alijaribu kujituliza. Labda spea ilikuwa nzima. Labda hawangeihitaji. Wangefika, wangecheka, wangerudi, na hakuna ambaye angejua. Kisha akilini akamwona Kogo, mwenye umri wa miaka sabini na sita na magoti mabovu, amesimama kando ya mtaro huku malori yakipita. Picha hiyo haikutoka.

Kimeli alikuwa akiimba. Chepkorir aliinama mbele.

"Mama, simama."

"Unaumwa?"

"Hapana. Tafuta mahali pazuri usimame, tafadhali."

Mama alimtazama kwenye kioo. Waliingia Kapkatet, akaegesha kwenye kituo cha mafuta na kuzima injini.

"Spea sikuiangalia," Chepkorir alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini hakusita. "Mitungi ilikuwa juu yake, na Shirley alikuwa ameniita kunisuka. Niliweka tiki tu."

Kimeli aliacha kuimba.

Mama alishuka akafungua buti. Walitoa kapu, chupa na mablanketi, wakainua zulia. Mama aliibonyeza spea kwa kidole gumba, ikabonyea kama mkate.

"Haya," alisema. Neno hilo moja lilimuuma Chepkorir kuliko kelele.

"Nisamehe, Mama."

"Tutaongea. Kwanza tutafute fundi."

Fundi wa pancha alikuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, lakini kilikuwa kimefungwa. Walimngoja zaidi ya saa nzima. Aliitwa Mochama, na alifika akiomba radhi. Aliitia spea upepo, akaizamisha kwenye beseni la maji na kuizungusha polepole. Mapovu yalitoka ubavuni kama sufuria inayotokota.

"Hii ilikufa zamani, mama," alisema. "Ona, imepasuka hapa ubavuni. Hata nikiziba itawahadaa tu. Mngeifunga, mngeenda kilomita tano, halafu ingewaangusha mahali pabaya."

"Una nyingine ya saizi hii?"

"Hapa sina. Litein zipo. Nitamtuma kijana wa boda boda."

Spea nyingine ilipofika, ikajazwa upepo na kurudishwa mahali pake, saa nne ilikuwa imepita. Mama alisimama kando ya gari akihesabu kwa vidole.

"Tukienda sasa tutafika ziwani karibu saa saba. Kogo hawezi kugeuka papo hapo, lazima apumzike na ale. Tukitoka huko saa tisa na nusu, giza litatukuta njiani, katikati ya ukungu." Akashusha pumzi. "Tutafika Kericho, tule, turudi. Ziwa litangoja siku nyingine."

Machozi yalimlengalenga Kimeli. Kogo alicheka kidogo. "Nimelingoja miaka thelathini. Siwezi kufa kwa kulingoja hadi Desemba."

Alisema kwa upole, lakini Chepkorir aliona alivyoikunja leso yake mpya na kuirudisha mkobani. Alikuwa ameinunua kwa ajili ya ziwa. Chepkorir angeweza kukaa pale akilia, na hakuna aliyekuwa akimtaka afanye vingine. Badala yake alifungua daftari.

"Mama, tukilala Kericho?"

"Kericho wapi?"

"Kwa Shangazi Priscillah. Tukitoka ziwani saa tisa, tutafika kwake kabla ya saa kumi na mbili. Kesho tunarudi nyumbani mchana, kweupe."

Mama alikunja mikono. "Na ng'ombe kesho asubuhi?"

"Nimpigie Kipkurui nimwombe. Kesho ni Jumapili, hakuna maziwa ya kupeleka Bomet."

"Priscillah mwenyewe?"

"Nitamwuliza kwanza. Akisema hapana, tunarudi."

"Na dawa za Kogo za presha?"

Chepkorir alifungua mdomo kusema zipo, kisha akaufunga. Alikwenda kwenye mkoba wa Kogo, akatoa pakiti, akahesabu kwa kidole. "Kuna kidonge cha leo jioni na vitatu zaidi. Nimeviona."

Mama alimpa simu. Kipkurui alicheka, akasema yeye si mgeni kwa ng'ombe hao, atawakamua. Shangazi Priscillah alipiga kelele ya furaha hadi Chepkorir akaiondoa simu sikioni.

"Basi ingieni," Mama alisema. "Mikanda!"

Walipita Litein, wakapita Kericho, wakateremka kuelekea Awasi. Hewa ikawa nzito na ya joto, na Kogo akavua sweta yake ya kwanza, kisha ya pili. Mama alisimama Ahero wanyooshe miguu ingawa Kimeli alilalamika kwamba viboko wangeondoka. Hatimaye, kabla ya saa saba, mashamba ya mpunga yaliisha, mji ukapita, na maji yakatokea.

Kogo aliteremka, akasimama ukingoni na leso yake mpya begani. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha mbele ambako hapakuwa na mwisho.

"Maji yote haya," alisema, "na kisima chetu hukauka kila Januari!"

Walicheka hadi mwenye mashua akaja kuuliza kuna nini. Walipopanda mashua yake, Chepkorir alihakikisha kila mmoja amefunga jaketi la kuokolea, akavuta kamba za jaketi la Kogo mara mbili. Katikati ya maji kiboko alitoa masikio, akapuliza, akazama. Kimeli alipiga ukelele uliowafukuza ndege wote karibu. Baadaye walikula samaki wa kukaanga, Kogo akafyonza hadi kichwa, akasema kwamba mtu akimwuliza tena kama amewahi kuona ziwa, atamwonyesha mifupa.

Saa tisa kamili Chepkorir aliinuka. "Ni saa yetu."

Walikuwa wamebakiza kilomita chache kufika Kericho mvua ya mawe ilipoanza. Vilima vya chai vilikuwa vyeupe kama vimemwagiwa chumvi, na malori yalitambaa yamewasha taa. Mama aliendesha taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani. Saa kumi na moja na nusu walikuwa wamekwisha kuketi kwa Shangazi Priscillah, kila mmoja na kikombe cha chai, wakiusikiliza mngurumo wa mvua juu ya mabati. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa umeimeza barabara ya kuelekea Bomet.

Kimeli aliweka kikombe chini. "Lakini Mama, spea haikutumika hata kidogo! Tulipoteza zaidi ya saa mbili bure."

Chepkorir aliinamisha macho. Alijua siku nzima kwamba maongezi yale yangekuja.

"Haikutumika leo," Mama alisema. "Ningekuwa najua siku ambayo tairi litapasuka, ningebeba spea siku hiyo peke yake. Sijui. Ndiyo maana tunakagua kila safari, hata ile inayokuja kwisha salama." Alimgeukia binti yake. "Chepkorir, niangalie. Nikiwa kwenye usukani macho yangu yanaona mbele tu. Kilicho nyuma, chini ya mizigo, nakiona kwa macho yako. Ulipoweka ile tiki, uliniambia umeona kitu ambacho hukuona, nami nikawapakia watu wangu wote juu ya uongo huo."

"Ndiyo, Mama. Sitarudia."

"Najua. Kwa sababu leo asubuhi ungeweza kunyamaza na labda nisingejua kamwe. Ulisema kabla hatujaumia, ukakubali kuaibika mbele ya nyanyako, kisha ukatafuta njia ya kurekebisha ulichoharibu. Kukosea kunaweza kumpata yeyote. Mtu wa kuaminiwa ni yule anayesema ukweli wakati bado unaweza kuwasaidia wenzake."

Kogo aliinua kikombe chake. "Mimi nasema huyu aendelee kuwa msimamizi. Desemba anipeleke Mombasa nione bahari."

Mama alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa. Chepkorir alicheka pia, cheko lililomtoka kifuani kwa mara ya kwanza tangu Kaplong, akasogea kumwongezea Kogo chai.