Mnunuzi Asiyepewa Siku

Vioo vya gari vilikuwa na ukungu kwa ndani. Jua lilikuwa la utosi, milango imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa Breki, na bado vioo vyote vilikuwa vimefifia kama vya chumba walimolala watu wengi. Breki alifungua mlango, akapitisha kiganja kwenye kioo, kikatoka na maji ya uvuguvugu yenye harufu ya nywele zilizoungua. Akajiambia ni mazulia yamekaa na unyevu. Akaacha milango wazi, akarudi ndani kumalizia chai yake.

Breki si jina alilopewa na wazazi wake. Alifundisha watu udereva karibu maisha yake yote, akikaa pembeni mwa mwanafunzi na kupiga kelele neno hilo moja, mpaka mtaa mzima ukamwita hivyo. Goti lilipomgomea, akaamua kuliuza gari la mafunzo, lile lenye pedali mbili za breki, ya dereva na ya mwalimu. Mkewe alitaka liuzwe kwa dalali mwenye ofisi. Breki hakutaka hata kusikia. Kupatana bei ndiyo ilikuwa raha yake. Angeweza kuomba kupunguziwa hata na daktari aliyekwisha kushika kisu.

Mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana, wiki chache kabla ya ukungu ule. Alikuja adhuhuri, mrefu, suti ya kijivu, na usoni hana hata tone la jasho. Hakuinama kutazama injini, hakupiga teke tairi, hakuuliza gari linakunywa mafuta kiasi gani. Aliweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa ikichoma kama kikaango, akakiacha hapo hapo. Kisha akatoa arubuni, robo ya bei, ili gari lisiuzwe kwa mtu mwingine. Noti zilikuwa za moto, kama zimetoka chini ya pasi.

"Nije lini kumalizia?" aliuliza.

"Wakati wowote, bosi. Ukiwa tayari tu. Hesabu gari ni lako."

Mkewe alikuwa mlangoni, anasikia. Mtu alipoondoka alimjia juu mumewe: jina lake nani, anakaa wapi, mmeandikiana wapi, na siku ya mwisho ni ipi? Asipotokea, pesa zake zinarudi au zinaliwa? Breki alicheka, akamwambia mteja akibanwa na tarehe anakimbia, na yeye hakuanza biashara jana. Mkewe akarudi jikoni, maana alimjua mumewe.

Mtu hakurudi. Ukungu ulirudi kila mchana. Ndipo akaja muuza magodoro, mtu mnene mwenye utani mwingi, akaweka mezani arubuni kubwa kuliko ya kwanza, akaomba alijaribu gari barabarani.

Mkewe alimvuta Breki jikoni. "Rudisha kwanza ya mwenzio," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimrudishie nani? Simu hana, jina hana."

"Basi usipokee nyingine. Huwezi kushika arubuni mbili za kitu kimoja. Mimi naogopa, mzee."

Breki alimpigapiga begani kama anayembembeleza mtoto, akatoka na ufunguo.

Hawakufika mwisho wa mtaa. Muuza magodoro alikuwa kwenye usukani, Breki kwenye kiti chake cha mwalimu, na pedali ya upande wake ikazama yenyewe mpaka sakafuni, mguu wake haujaigusa. Gari liligoma papo hapo. Uso wa muuza magodoro uligonga usukani, meno yakamdondokea mapajani. Alifungua mlango ili atoke, mlango ukajifunga kwenye vidole vyake, ukafunguka, ukajifunga tena, taratibu, kama mtu anayetwanga kitu bila haraka, mpaka vidole vikaning'inia kwa ngozi tu. Kisha kitu kikamshika kisogoni kikambwaga barabarani, na watu waliosimama kwenye vibaraza vya maduka, mchana kweupe, wakaona shati lake likichanika, mbavu zikibonyea moja moja, damu ikimtoka masikioni, mateke yakimgeuza huku na huku na mpigaji haonekani, ila pumzi nzito tu iliyosikika juu yake, ikisema polepole kwa sauti isiyo na hasira hata kidogo, "Mwizi. Mwizi wa gari langu."

Alipelekwa hospitali akiwa hai, lakini hakuna aliyeweza kusema kwa muda gani. Watu walilisukuma gari mpaka kwa Breki, wakaliacha mbele ya nyumba, wakaondoka bila kugeuka nyuma.

Breki alimweleza mkewe yote yaliyotokea. Mkewe hakumlaumu. Alitoa kwenye kabati zile noti za kwanza, ambazo bado zilikuwa na joto, akasema mali ya watu irudi kwa wenyewe, akaenda kuziweka juu ya kiti cha gari. Breki alimwona kupitia dirishani akiinama ndani. Alimwona akikaa humo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuweka pesa. Aliporudi alikuwa bado ameshika noti mkononi, na alitembea kama mtu aliyevaa viatu visivyo vyake.

"Mama?" aliita Breki.

"Ulitoa changu ukampa mwingine," alisema mkewe, na sauti ilikuwa ile ya mtu wa suti ya kijivu. "Nami nimechukua chako."

Alimshika Breki shingoni kwa mkono mmoja, mkono uleule mwembamba uliokuwa ukimkanda goti kila jioni, akamnyanyua mpaka visigino vikaachana na sakafu, akampigiza kabatini, kioo cha kabati kikapasuka mgongoni mwake, akamnyanyua tena, akampigiza tena. Kisha akamwachia, akaanza kujipiga yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililomtoa Breki machozi, kumwona mkewe akijigonga paji la uso ukutani kwa mpigo mmoja usiobadilika, huku machoni, ndani kabisa, bado yupo yeye, akimtazama mumewe amsaidie.

Breki alijikokota mpaka kwa kinyozi. Kinyozi huyo alinyoa watu asubuhi, na jioni, nyuma ya duka, aliwapunga waliopandwa na majini. Alikuja na aproni yake bado ina nywele za wateja. Aliposikia habari yote aliuliza jambo moja tu, kama mnunuzi alipewa siku. Breki akatikisa kichwa. Kinyozi akashusha pumzi.

"Basi sikiliza, ndugu yangu. Pesa zake tutamrudishia, atapokea, maana amekwisha kujilipa kwa yule bwana wa magodoro. Kwa mkeo hana haki yoyote, ameingia kama mwizi wa dirishani, na mwizi hufukuzwa, haongei bei. Mimi ndiye nitakayesema. Wewe ukae kimya. Hata ukimwona anakufa, kaa kimya."

Jua lilikuwa linazama. Kinyozi alifukiza dawa, akazibandua zile noti mkononi mwa mwanamke, akaziweka sakafuni. Zikaungua zenyewe bila moto, zikaisha. Jini akasema amepokea, lakini anataka fidia, na fidia yenyewe ni huyu aliyemkalia. Kinyozi akamjibu hapati kitu. Jini akaomba mwaka mmoja. Hapati. Akaomba mwezi, akaomba mkono, akaomba hata sauti yake tu, na kila mara kinyozi alijibu neno hilohilo, kwa upole, kama anayemkatalia mlevi, na kila alipojibu chumba kilijaa zaidi harufu ya nywele zilizoungua, na shingo ya mwanamke ikajipinda kidogo kuelekea nyuma, kidogo tena, mishipa imetuna, damu inatiririka puani inamwingia kinywani, mpaka kidevu kikawa juu ya bega na kitu ndani ya shingo kikaanza kulia kama ubao unaotaka kuvunjika. Uso wa kinyozi ulilowa jasho, lakini alikuwa akitabasamu, kwa sababu sauti ilikuwa imeanza kufifia. Mwizi alikuwa anatafuta mlango wa kutokea.

Breki hakuliona tabasamu. Aliiona shingo.

Alimpenda sana mkewe, na katika maisha yake yote alijua njia moja tu ya kumtuliza mtu anayedai asichoweza kupewa.

"Tuelewane," alisema kwa sauti ya kukatika. "Chukua kidogo kwa leo. Kilichobaki tutaongea baadaye."

Kinyozi aligeuka, akanyoosha mkono kumziba mdomo, akachelewa.

"Nimekubali," alisema jini.

Mkono wa mwanamke uliinuka, kidole gumba kikaingia kwenye jicho lake la kushoto, kikazama, kikageuka kama ufunguo, na yowe lililotoka lilikuwa la mkewe mwenyewe, halikuwa la mtu mwingine yeyote. Kisha shingo ikarudi mahali pake, akaanguka, na chumba kikawa na harufu ya dawa tu.

Kinyozi alilifunga jicho kwa kitambaa safi. Akanawa, akavua aproni, akaikunja. Mlangoni ndipo aliposimama.

"Nilikuwa namfukuza mwizi," alisema. "Wewe umemfanya mnunuzi. Mimi kwa mnunuzi sina dawa."

Mkewe aliamka baadaye, akili zake zote zipo, amechoka, akaomba maji. Alikunywa huku mumewe amemshikilia kichwa. Alipapasa kitambaa, akaelewa, akalia kidogo kwa lile jicho lililobaki. Breki alimweleza ukweli, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kutunga uongo. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akaurudisha mkono wake ndani ya wa mumewe.

"Hicho kilichobaki," aliuliza kwa sauti ya chini, "mmepeana siku gani?"

Breki aliufumbata ule mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie.