Mzigo wa Jumamosi

Asubuhi ile duka la vipuri la Changamwe lilikuwa limefurika. Mbele ya kaunta walibanana madereva wa malori na mafundi wenye mikono ya girisi, na kati yao mwanamke mmoja tu: Alawiya wa Junda, mpima ardhi, mwenye umri wa miaka thelathini na miwili. Buibui lake lilikuwa limepigwa pasi likakaa sawasawa, na chini yake alivaa buti za kazi zilizoganda udongo mwekundu wa Kinango.

"Hizi ndizo zenyewe, dada," muuzaji alisema, akilaza springi mbili juu ya kaunta. "Za nyuma, za Land Cruiser ya zamani. Funga uende zako."

"Usizichukue," sauti ilisema nyuma yake.

Alawiya aligeuka. Aliyesema alikuwa mwanamume mrefu, ovaroli yake ya buluu imefuliwa hata ikapauka. Alinukia girisi na, kwa mbali, udi.

"Kwani wewe ni nani?"

"Mwidani, fundi wa springi. Karakana yangu iko njia ya Airport. Hizo ni za pikapu ndogo. Hesabu majani yake."

Alawiya akavihesabu vile vyuma virefu vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Vilikuwa vinne. Vya gari lake vilikuwa saba. Muuzaji akapata shughuli ya ghafla upande wa pili wa duka.

"Na wewe wapata nini kwa kunieleza haya?"

"Napata thawabu," Mwidani alicheka. "Na labda kazi."

Alawiya hakucheka. Mchumba wake wa kwanza naye alikuwa na kicheko kizuri vivyo hivyo, na siku tatu tu kabla ya nikaha ndipo ilipojulikana ana mke Malindi. Lakini gari lilihitaji fundi. Lilikuwa la marehemu babake, na nyuma lilikuwa limelala hata tumbo lake likigonga mawe kila alipokwenda mashambani kupima. Akampelekea.

Mwidani aliliinua kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, akafungua magurudumu na kuziteremsha springi. Zilipaswa kupinda kama upinde. Hizi zilikuwa zimenyooka kama ubao, na jani moja la upande wa kushoto lilikuwa limekatika. Alipitisha kidole katikati ya majani yake, kisha akauliza.

"Bi Alawiya, gari hili labeba nini?"

"Mimi, mashine ya kupimia na mkoba wa chakula."

"Chakula gani hicho, cha harusi?"

"Wanishuku?"

"Nauliza tu."

"Basi nami nauliza. Watafuta njia ya kuniongezea kazi?"

Mwidani alipangusa mikono. "Wataka liinuke kiasi gani?"

"Inchi nne."

"Mbili zatosha. Ukizidisha, mpira wa breki utavutika ukatike, na kwenye kona litayumba. Nitakuwekea springi zenye mpindo zaidi na shokabsoba ndefu. Inshallah hutagonga jiwe, na nyumbani utafika."

Springi zilichukua wiki mbili kuwasili, na katika wiki hizo simu haikupumzika.

"Fundi, gari langu lasemaje?" Alawiya angeuliza, yuko shambani, jua kichwani.

"Lakuulizia."

"Na fundi wake?"

"Huyo ndiye aliyelituma."

Wiki ya pili Mwidani alimwita laazizi. Alawiya akamkemea, ila simu hakukata. Siku moja alipita karakana na sambusa za mamake, wakala wamekaa juu ya magurudumu ya gari lake mwenyewe, naye akajikuta akimweleza habari ya yule mtu wa Malindi, jambo ambalo hakupata kumweleza mtu wa nje. Mwidani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamjazia kikombe chake chai.

Jumatano, saa nne asubuhi, alipigiwa simu na Jamaludin, nduguye mdogo aliyefanya kazi ya kupokea mizigo uwanja wa ndege.

"Dada, gari lako si liko kwa fundi?"

"Liko juu ya stendi. Kuna nini?"

"Nimeliona Mtongwe sasa hivi. Fundi ndiye aendeshaye, na mwanamke amekaa mbele. Wanacheka. Sikutaka kukuumiza, lakini wewe ni dadangu."

Alawiya alikata, akatafuta namba ya Mwidani. Akapiga simu.

"Mwidani, gari langu liko wapi?"

"Lipo, mpenzi. Springi zimeingia, ila halijakamilika. Nipe mpaka Ijumaa."

"Sikukuuliza lini. Nimekuuliza wapi."

Ndani ya simu chuma kilikuwa kikigongwa, na sauti ya mwanamke ikaita, "Fundi, njoo basi!"

"Ijumaa nitakueleza kila kitu," Mwidani alisema. "Wallahi."

"Wa Malindi naye aliapa," Alawiya akamjibu, akakata.

Hakungoja Ijumaa. Alivuka feri hadi Likoni, akachukua bodaboda mpaka Mtongwe. Akauliza ni wapi pagongwapo vyuma. Alilikuta gari nje ya banda la mabati, nyuma limeinuka, limesimama kwa kiburi kama halijapata kulala. Miguu ya Mwidani ilikuwa ikichomoza chini yake. Kando ya tanuri alisimama mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kitambaa kichwani, aproni ya ngozi kifuani, nyundo mkononi.

"Karibu, mama," alisema. "Mimi ni Margret. Wewe ndiwe mwenye gari?"

"Ndimi. Na wewe ndiwe uliyekaa mbele?"

"Nilikaa, ndiyo. Kushoto lilikuwa chini nusu inchi, nikataka kusikia linavyolia njiani kabla sijakunja jani lake upya. Kazi hii aliniachia marehemu mume wangu." Akainama, akaokota springi kuukuu. "Lakini wewe wanitia mashaka. Tazama humu katikati ya majani."

Unga mweupe ulikuwa umeshindiliwa humo. Alawiya aliugusa, akausugua kwa vidole. Alikuwa mpima ardhi, hakuhitaji kuambiwa. Lilikuwa vumbi la matumbawe, la mawe ya kujengea.

Mwidani alikuwa ametoka chini ya gari, amesimama kando.

"Gari hili huondoka mikononi mwangu siku moja tu," Alawiya alisema polepole. "Jumamosi. Jamaludin huliazima, awapeleke wenzake mpirani. Na leo ndiye aliyeliona Mtongwe. Kazi yake iko Airport. Huku alifuata nini?" Akamkazia macho Mwidani. "Alikuja kwako?"

"Kuna mtu nilimpa ahadi mpaka Ijumaa."

"Mtu gani?"

"Nifokee utakavyo, Alawiya. Jina sitalitoa."

Alawiya akapiga simu, akaifungua spika wote wasikie. "Jamaludin, uko wapi?"

"Kazini, dada."

Margret, aliyekuwa amerudia jani lake kabla halijapoa, akashusha nyundo. Mlio ulisikika pale bandani, na papo hapo ukasikika ndani ya simu.

"Toka huko uliko," Alawiya alisema. "Nakusikia."

Jamaludin alitokea kiwanja cha jirani, suruali yake nyeupe kwa vumbi hadi magotini. Nyuma yake kuta za chumba kimoja zilikuwa zimefika usawa wa dirisha.

"Ni cha Mwanasaumu," alisema, hawezi kuinua uso. "Babake asema hamwozi binti yake kwa mtu anayelala kwa dadake. Fundi aliona vumbi, akauliza karakana nzima nani huliendesha, habari zikanifikia kazini, nikajipeleka mwenyewe. Akanipa mpaka Ijumaa nikwambie kwa kinywa changu. Nikaogopa. Nikaona nikikutia shaka juu yake, hata akisema hutamwamini."

"Uliniona nikilia kwa sababu ya mwanamume," Alawiya alisema. "Ukataka nilie tena, wewe upate ukuta?"

Jamaludin alianza kulia. Alawiya hakumbembeleza. Alimwambia Jumamosi hii wataenda wote wawili kwa babake Mwanasaumu, na jiwe lililobaki atalibeba kwa mkokoteni.

Jamaludin alipoondoka, Mwidani alimfungulia Alawiya mlango wa gari. Waliendesha hadi kwenye mashimo ya njia ya zamani ya kivuko. Gari lilipanda na kushuka bila kugonga kitu.

"Mimi pia nilikushuku," Mwidani alisema. "Siku ya kwanza. Nilidhani wabeba mchanga wa wizi."

"Na bado ukanipigia simu?"

"Kila siku. Nilitaka sana niwe nimekosea. Nataka kuwatuma wazee kwenu, Alawiya."

"Kwanza nitauliza habari zako kwenu, Mtongwe nzima. Nyumba hadi nyumba."

"Uliza. Anza kwa shangazi yangu, ana mengi."

Akauliza kweli. Siku nne aligonga milango, buti miguuni, akisikia habari za fundi tangu alipokuwa akiiba maembe. Mke wa siri hakumpata. Siku ya tano alimpigia simu.

"Naam, laazizi," Mwidani aliitikia upesi.

"Mamangu ataka jina kamili la babako. Na la babu."

"La nini?"

"Asema hawezi kuwapikia wazee biriani Jumapili na hawajui ni wa nani."