Ukingo wa Nishani

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda kununua dawa ya kung'arishia fedha.

"Mzee, unakwenda kuposa, au?" mwenye duka akanitania.

"Nina nishani," nikamjibu. Sikutaka mazungumzo.

Ilikuwa nishani ya fedha ya marehemu shemeji yangu, mume wa dada yangu. Alikwenda vitani akiwa bado bwana harusi. Ikarudi nishani tu, mwili haukuonekana. Jina lake lilichongwa ukingoni kwa herufi nyembamba kama unywele. Kesho yake dada yangu angeivaa kwenye kumbukumbu ya askari.

"Kaka, usiisugue," alikuwa amenisihi. "Weusi huo ni miaka yangu na yake."

"Utatuaibisha mbele za watu," nikamwambia.

Nimesoma shule ambayo mwalimu mkuu alikagua vifungo vyetu kila asubuhi, na kifungo kisichong'aa kilimletea mwenyewe viboko. Mazoea yana taabu.

Dada alipoingia kuoga, nikafunga mlango wa sebule. Nikasugua. Weusi ukatoka. Nikasugua tena, ukingo nao, kwa nguvu. Harufu ikapanda... si ya dawa. Ya koti la sufu lililolowa. Ya udongo mbichi.

Nje, viatu vizito vikaja hadi mlangoni. Vikakoma.

"Hodi..."

"Nani?"

Sauti ikajibu, kwa upole kabisa:

"Hilo nimekuja kukuuliza wewe."

Nikaigeuza nishani kwenye taa. Ukingo ulikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

Dada akatoka bafuni, nywele zinachuruzika maji. Akaichukua nishani, akapitisha kidole gumba ukingoni kama afanyavyo kila jioni. Kidole kikazunguka. Kikazunguka tena.

"Kaka... umefanya nini?"

Nikaficha mikono yangu. Ilikuwa myeusi hadi kwenye kucha.

"Hodi..."

Uso wake ukabadilika. Sauti ile aliijua. Akakimbilia mlango, akafumbua kinywa amwite mumewe.

Hakuna kilichotoka.

"Kaka," akaninong'oneza, "mume wangu alikuwa anaitwa nani?"

Mimi, ninayewasahihisha watu majina misibani na harusini. Mimi niliyekuwa shahidi wa ndoa yao. Nikalitafuta... nikalitafuta.

Nikainamisha kichwa.

Nje, viatu vikageuka. Vikaanza kuondoka, taratibu, kama vya mtu anayetarajia kuitwa. Dada akabaki ameshika komeo, ananitazama mimi.