Ukiinua Mkono, Nitasimama

Mkono uliinuka, daktari akasimama. Alitoa mashine kinywani mwa mgonjwa, akamwinamia.

"Inauma, mzee?"

Mzee, mwalimu mstaafu mwenye kitambi cha heshima, alifungua jicho moja. "Haiumi. Mbona umeacha?"

"Si umeinua mkono?"

"Mimi?" Mzee alifunua kitambaa cha kijani alichofunikwa. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefumbatana juu ya tumbo. "Labda unayeogopa ni wewe."

Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Daktari naye alicheka, ila mkono alikuwa ameuona, wa kushoto, umenyooka pembeni ya kiti hadi karibu na taa.

Watu walimwita Daktari Polepole, na jina hilo alilitolea jasho. Koleo na sindano alivificha visionekane. Dawa ya ganzi aliipasha joto kiganjani kwanza. Na kabla ya kugusa jino lolote alitoa ahadi ile ile: "Ikikuzidi, inua mkono wa kushoto. Ukiinua tu, mimi nasimama." Watu wazima waliolala na meno mabovu miaka nenda miaka rudi, wakiogopa kiti kuliko maumivu, walikuja kwake kwa sababu ya maneno hayo tu.

Wiki ile mkono uliinuka mara tatu zaidi, na kila mara mgonjwa aliapa kwamba si wake. Ulitanguliwa na harufu. Chumba kilichozoea kunuka karafuu kilianza kunuka mafuta ya cherehani, kisha chini ya kiti kikasikika kitu kikigonga, tak-tak-tak, kama mtu anayepiga mshono mrefu. Mara ya mwisho daktari aliutazama vizuri. Kidole cha kati kilikuwa kimevaa kastabini, kile kikofia cha chuma ambacho mafundi wa nguo huvaa wasichomwe na sindano.

"Nesi," alinong'ona walipobaki wawili. "Yule fundi cherehani wa mwaka jana unamkumbuka?"

Nesi alikuwa anakausha vyombo. Hakugeuka. "Aliyesahau kuvua kastabini?"

"Yuko wapi siku hizi?"

"Nilidhani unajua." Sauti ilimshuka. "Jino jingine lilioza, uvimbe ukamteremkia shingoni. Ndugu zake walimsihi aje hapa, akakataa katakata. Alisema heri afe kuliko kulala tena kwenye hicho kiti. Akafa, Daktari."

Daktari alikaa kwenye kigoda chake. Siku ile ya mwaka jana alikuwa amechoka, na jino lilikuwa limeshaanza kulegea. Mama yule aliinua mkono, yeye akasema, "Bado kidogo tu, mama," akavuta. Alipoinuka, pamba imemjaa mdomoni, mama alisema neno moja tu: "Ulisema utasimama." Daktari akamjibu kwamba hakuuona mkono. Aliuona.

Kesho yake asubuhi aliletwa dada yake, dada mkubwa aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyemlisha na kumsomesha, na ambaye maishani mwake hakuwahi kumfungulia daktari yeyote kinywa. Uvimbe ulianzia kwenye taya ukapita chini ya kidevu. Mate yalikuwa yanamshinda kumeza. Nesi alipiga simu hospitali kubwa. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama ng'ambo ya daraja lililofurika. Jino lisipotoka usaha ukapata njia, dada angekosa pumzi pale pale.

"Niahidi, mdogo wangu," alisema kwa shida, ulimi umeinuliwa na uvimbe. "Nikiinua mkono..."

"Nitasimama, Dada. Haki ya Mungu nitasimama."

Alimchoma ganzi, huku akijua kwamba ganzi haishiki sawasawa kwenye nyama iliyojaa usaha. Akachukua koleo. Harufu ya mafuta ikaja. Tak-tak-tak. Mkono ukainuka.

"Si wake, Daktari!" Nesi alinong'ona, machozi yakimtoka. "Una kastabini! Endelea!"

Lakini vidole vya daktari vilikataa kufunga, na kila alipojaribu kulishika jino mkono ule ulisogea karibu na uso wake, chuma cha kastabini kikimgusa shavu kwa ubaridi, huku pumzi ya dada yake ikipiga mluzi, ikikatika, ikirudi nyembamba zaidi, na midomo yake ikianza kugeuka rangi, mpaka daktari akaona kwamba anamuua dada yake kwa kusimama kama alivyomuua yule mwingine kwa kutosimama, akapiga magoti sakafuni.

"Mama, niliuona mkono wako," alilia. "Niliuona nikakudanganya. Nisamehe. Nidai mimi, huyu hajakukosea kitu."

Ile tak-tak-tak ya chini ya kiti ilinyamaza. Mkono uliteremka taratibu, ukaingia chini ya kitambaa cha kijani, ubavuni mwa dada. Harufu ikaondoka.

Daktari alimshukuru Mungu, akainuka, akalibana jino. Dada aligumia. Miguu yake ilipiga kiti, mwili ukajikunja, lakini kila daktari alipotupa jicho kushoto hakukuwa na mkono, na yeye akaendelea, akizungusha na kuvuta, mpaka jino likatoka na usaha ukamwagika kwenye beseni. Dada alivuta pumzi ndefu, kisha nyingine. Nesi alikaa chini pale pale aliposimama.

"Umepona, Dada," daktari alisema, akimfuta uso, akilia na kucheka. "Umepona."

Dada alimtazama kama anavyotazamwa mtu baki.

"Niliinua mkono."

"Hapana, Dada. Nilikuwa naangalia muda wote."

Daktari alikifunua kitambaa. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa dada yake palikuwa na alama za vidole vitano zilizozama kwenye nyama, na ile ya kidole cha kati ilikuwa na vidoa vidogo vidogo, kama vishimo vya kichwa cha kastabini.

"Dada, sikuuona," alisema. "Naapa sikuuona."

Dada aligeuza uso ukutani.

"Aliniambia utasema hivyo."