Tundu la Hewa katika Chumba cha Bi Saïda

Rafiki yangu Chaïbou, fundi mwashi wa Mahajanga, si mtu wa kuzusha mambo. Mwaka wa pili baada ya uhuru, mjane mmoja wa Kikomoro, Bi Saïda, alimwita atoboe tundu la hewa katika chumba cha mwanawe. Chumba kilikuwa na joto, kuta zimeota ukungu, na mtoto alikuwa akikohoa mchana kutwa.

Chaïbou aligonga tindo karibu nusu saa, mara ikazama gizani. Ndani ya ukuta mlikuwa na uwazi. Hewa ya uvuguvugu ilimpiga usoni, ikarudi ndani, kisha ikatoka tena, taratibu. Huuu. Huuu.

"Ni upepo wa baharini huo, fundi?" Bi Saïda aliuliza kutoka mlangoni.

"Sidhani, Bi Saïda. Hebu mtoe mtoto humu kwanza."

Alimbeba mwanawe akatoka mbio. Chaïbou akabaki peke yake. Akatega sikio kwenye tundu, akabana pumzi ili asikie vizuri.

Mle ndani ya ukuta, pumzi ile nyingine nayo ikabanwa.